Bunduki kuukuu ya jeshi: Nini cha kukagua kabla ya kununua, na namna ya kuitunza

Katika maduka ya silaha na maonyesho ya wakusanyaji nchini Marekani bado zinauzwa bunduki zilizotengenezwa kabla babu zetu wengi hawajazaliwa. Ni bunduki za Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili ya Dunia: Mosin-Nagant ya Urusi, Lee-Enfield ya Uingereza, Mauser ya Ujerumani, Springfield ya Marekani yenyewe na K31 ya Uswisi. Majeshi yalipopata silaha mpya yaliziondoa hizi kwenye maghala, wafanyabiashara wakazinunua kwa wingi, na kutoka kwao zikafika mikononi mwa raia.

Zote ni bunduki za bolti. Katika nyingi kati yake mpigaji huinua mkono wa bolti na kuuvuta nyuma, ganda tupu likaruka nje, kisha huusukuma mbele ili risasi mpya iingie chemba; kwenye K31 mkono huvutwa moja kwa moja nyuma bila kuinuliwa. Kila mlio mmoja unahitaji kukoki mara moja. Ni mtambo rahisi na wenye nguvu, na ndiyo sababu nyingi kati ya bunduki hizi bado zinafanya kazi baada ya miaka 80 au 100.

Lakini kufanya kazi si sawa na kuwa salama. Bunduki ya aina hii inaweza kung'aa nje huku ndani imechakaa, na uchakavu huo hujitokeza pale risasi inapolipuka sentimita chache mbele ya uso wa mpigaji. Katika makala hii tunaeleza zilikotoka bunduki hizi, mnunuzi anapaswa kukagua nini, na kwa nini silaha iliyovuka vita viwili inaweza kuharibika kwa usiku mmoja tu wa kusahauliwa.

Zimetoka wapi?

Tuchukue mfano wa Mosin-Nagant, kwa kuwa ndiyo iliyoingia Marekani kwa wingi zaidi baada ya Vita Baridi. Jeshi la Urusi liliipokea mwaka 1891. Toleo lake linalojulikana zaidi, 91/30, lilianza mwaka 1930 na kutengenezwa katika viwanda vya Tula na Izhevsk. Kwa ujumla zilitengenezwa bunduki zaidi ya milioni 30. Baadhi zilitengenezwa Marekani kwenyewe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika viwanda vya Remington na New England Westinghouse, kwa sababu viwanda vya Urusi havikuweza kukidhi mahitaji ya vita.

Baada ya mwaka 1945 Umoja wa Kisovieti ulizikusanya, ukazifanyia matengenezo, ukazipaka grisi nzito na kuziweka ghalani zikisubiri vita vingine. Umoja huo ulipovunjika, maghala ya Urusi na Ukraine yaliuza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikuwa ajabu kuikuta Mosin dukani Marekani kwa chini ya dola 100. Leo bei yake ni dola mia kadhaa. Maghala yamepungua, na tangu Septemba 7, 2021 serikali ya Marekani imeacha kutoa vibali vipya vya kuingiza bunduki na risasi kutoka Urusi. Ilipoanza vita ya mwaka 2022, wanamgambo walioandikishwa katika eneo la Donetsk walionekana wakiwa na Mosin zilezile mikononi.

Sheria ya Marekani inasemaje?

Historia ya sheria hii inaanza na bunduki moja kuukuu. Mwezi Machi 1963, Lee Harvey Oswald aliagiza kwa njia ya posta bunduki ya Kiitaliano aina ya Carcano, masazo ya jeshi, kutoka duka la Chicago liitwalo Klein's. Bunduki pamoja na darubini yake iligharimu dola 19 na senti 95, ukiacha nauli ya posta. Alitumia jina la bandia. Mwezi Novemba mwaka huohuo Rais John F. Kennedy aliuawa kwa bunduki hiyo mjini Dallas.

Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti silaha iliyokomesha biashara ya kumtumia raia bunduki kwa posta kutoka jimbo jingine, na ikazuia kuingizwa nchini kwa bunduki za masazo ya jeshi. Mlango ulifunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980, lakini kwa zile tu zinazohesabiwa kuwa za kihistoria.

Leo anayenunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni hujaza fomu ya serikali, na taarifa zake huchunguzwa kabla ya kukabidhiwa silaha. Ipo pia leseni maalumu ya mkusanyaji, inayogharimu dola 30 kwa miaka 3. Mwenye leseni hiyo anaweza kupokea moja kwa moja bunduki yenye umri wa angalau miaka 50 iliyobaki katika umbo lake la asili, lakini ni lazima aweke daftari la kila silaha inayoingia na kutoka. Majimbo nayo yana sheria zake, na mengine ni makali kuliko sheria ya taifa. Kwa Waswahili wanaoishi Marekani kuna jambo jingine la kuzingatia: haki ya kununua silaha inategemea pia aina ya ukaazi. Aliyeingia kwa viza ya muda, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki isipokuwa kwa masharti maalumu. Ni vyema kumwuliza mwanasheria kabla ya kulipa.

Namba zinaeleza nini?

Ukaguzi wa kwanza ni wa namba. Katika majeshi mengi, namba ya bunduki iligongwa kwenye mtutu na pia kwenye bolti na sehemu nyingine. Namba zikilingana, kuna uwezekano mkubwa kwamba sehemu hizo zilitoka kiwandani pamoja na zimechakaa pamoja. Zikitofautiana, bunduki imeunganishwa kutoka vipande vya bunduki nyingi.

Lakini namba nazo zinaweza kupotosha. Katika karakana za Kisovieti mafundi walichukua bolti iliyokuwa karibu, wakafuta au kukata kwa mstari namba ya zamani, na kugonga mpya inayolingana na mtutu. Hiyo si hila ya kumdanganya mnunuzi. Ilikuwa ni utaratibu wa jeshi. Hata hivyo mkusanyaji hulipa zaidi kwa namba za asili. Kwa hiyo tazama mwandiko wa namba: ukubwa wa tarakimu, kina chake, na kama chuma kilicho chini yake kimepigwa tupa.

Bunduki iliyoingizwa Marekani siku za karibuni huwa pia na alama ndogo ya kampuni iliyoiingiza, kwani sheria inaitaka. Alama hiyo si kasoro, ingawa hupunguza kidogo thamani machoni pa wakusanyaji.

Ndani ya mtutu kuna nini?

Ondoa bolti, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, kisha elekeza mtutu kwenye mwanga na uchungulie kutoka upande wa chemba. Michirizi inayozunguka ndani, ile inayoipa risasi mzunguko, inapaswa kuonekana wazi na kingo zake ziwe kali. Weusi kidogo si tatizo. Mashimo mashimo kama ya chuma kilicholiwa na kutu ni dalili kwamba bunduki ilipigwa na haikusafishwa. Kivuli cha duara kama pete kinaweza kumaanisha kwamba mtutu uliwahi kuvimba, na bunduki ya namna hiyo isipigwe.

Kisha tazama mdomo wa mtutu. Askari wengi walisafisha bunduki kwa ufito wa chuma uliopitishwa mdomoni, na kwa miaka mingi ufito huo ulisaga michirizi ya mwisho, hapo risasi inapoagana na mtutu. Mdomo ukiwa umesagika upande mmoja, risasi haiendi inakolengwa. Karakana za Kisovieti zilitibu tatizo hili kwa kuchimba sentimita chache za kwanza za mdomo zikawa pana, ili risasi iachane na michirizi mizima iliyo ndani zaidi. Mnunuzi asiyejua huona shimo pana na kudhani bunduki imeharibika, kumbe imetengenezwa.

Kipimo ambacho macho hayaoni

Jambo muhimu zaidi kwa usalama halionekani kwa kuchungulia. Ni nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi pale bolti inapofungwa. Nafasi ikiwa ndogo mno, bolti haifungi. Ikiwa kubwa mno, ganda la shaba hukosa kitu cha kuliegemeza, hutanuka likapasuka, na gesi yenye joto kali hurudi nyuma kuelekea usoni.

Fundi bunduki hupima nafasi hiyo kwa vipande vya chuma vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa. Kwenye kipande cha kwanza bolti lazima ifunge. Kwenye cha pili, kilicho kikubwa kidogo, bunduki nzima haifungi. Cha tatu ni mpaka wa mwisho: bolti ikifunga juu yake, bunduki hiyo isipigwe mpaka itengenezwe. Kazi hii huchukua dakika chache, na malipo yake ni madogo ukilinganisha na matibabu ya jicho.

Kwenye Lee-Enfield namba 4 Waingereza walirahisisha marekebisho. Kichwa cha bolti hufunguka kama skrubu, na vilitengenezwa vichwa vya ukubwa tofauti, vikiwa na namba 0 hadi 3. Fundi hubadilisha kichwa mpaka kipimo kikae sawa. Kwa sababu hiyohiyo, anayechukua bolti ya bunduki moja na kuitia katika nyingine bila kupima anacheza na hatari.

Mosin nayo ina kipimo chake cha pini, ile inayogonga fataki ya risasi. Katika vifaa alivyopewa askari kulikuwa na kibapa kidogo chenye mapengo mawili yenye alama 75 na 95. Ncha ya pini inapaswa kugusa kwenye pengo la kwanza na kupita bila kugusa kwenye la pili. Ikiwa fupi, risasi haitalipuka. Ikiwa ndefu, itatoboa fataki na gesi itavuja nyuma.

Zipo ambazo hazipaswi kupigwa kabisa

Baadhi ya bunduki ni za kutundikwa ukutani tu, hata kama zinaonekana mpya. Springfield ya mwaka 1903 iliyotoka kiwanda cha Springfield ikiwa na namba chini ya 800,000, au iliyotoka Rock Island ikiwa na namba chini ya 285,507, ina chuma kilichopashwa moto kwa njia isiyo sahihi. Baadhi yake zilivunjika vipande mikononi mwa askari, na jeshi lenyewe likabadilisha namna ya kuandaa chuma hicho.

Lee-Enfield yenye herufi DP ilitengwa kwa ajili ya gwaride na mafunzo, mara nyingi kwa sababu ilikuwa imechakaa au imeharibiwa makusudi. Nayo bunduki ya Ujerumani ya mwaka 1888 ilitengenezwa kwa risasi nyembamba kidogo kuliko ile iliyokuja baadaye mwaka 1905. Risasi hizo mbili zinafanana kwa macho, lakini ya baadaye ikilazimishwa katika mtutu wa zamani ambao haukubadilishwa, shinikizo huzidi kiwango. Kwa hiyo usinunue risasi kwa kufuata jina la bunduki pekee. Fundi apime mtutu kwanza.

Grisi ya ghalani

Bunduki iliyolala ghalani miaka 50 hufika ikiwa imefunikwa na grisi ya kahawia inayonata. Grisi hiyo ndiyo iliyoiokoa na kutu, lakini lazima itoke yote kabla ya kupiga. Ikibaki ndani ya chemba, joto la risasi za kwanza huigeuza kuwa gundi, na bolti hukwama kiasi kwamba wapigaji wengine huigonga kwa nyundo. Wengi hudhani bunduki ni mbovu, kumbe haijasafishwa.

Fungua bunduki vipande vipande. Sehemu za chuma zioshwe kwa maji ya moto sana au kwa tapentaini ya madini, mahali penye hewa na mbali na moto. Chemba isuguliwe kwa brashi ya shaba. Ndani ya bolti pasisahauliwe, kwa sababu grisi ikibaki humo hupunguza kasi ya pini. Baada ya hapo kausha kila kitu na upake mafuta ya bunduki, utando mwembamba tu.

Chumvi iliyomo ndani ya risasi

Hapa ndipo bunduki nyingi huharibika baada ya kununuliwa. Risasi za zamani za kijeshi, hasa zile za Mosin zinazouzwa katika makopo ya bati yenye risasi 440, zina fataki iliyotengenezwa kwa klorati ya potasiamu. Ikilipuka, hubaki chumvi ndani ya mtutu, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani. Katika mji wenye unyevu mwingi, mtutu uliong'aa asubuhi unaweza kuwa na kutu kesho yake.

Kosa la kawaida ni kupitisha mafuta peke yake. Mafuta hayayeyushi chumvi. Huifunika tu, nayo huendelea kula chuma chini kwa chini. Kinachoyeyusha chumvi ni maji. Mara tu baada ya kumaliza kupiga, mimina maji ya moto kutoka chemba hadi mdomoni, sugua kwa brashi, pitisha vitambaa vikavu mpaka vitoke bila unyevu, kisha ndipo upake mafuta. Uso wa bolti na ncha ya pini vioshwe vivyo hivyo. Kesho yake chungulia tena; ukiona wekundu, rudia.

Aliye na K31 ya Uswisi ana unafuu hapa, kwa kuwa risasi za jeshi la Uswisi za bunduki hiyo hazina chumvi hii. Bunduki hiyo ina jambo jingine linalopendwa na wakusanyaji. Askari wa Uswisi walikaa na bunduki zao nyumbani, na baadhi yao waliweka karatasi yenye jina na anwani chini ya bati la kitako. Anayeifungua leo huweza kukuta karatasi hiyo bado ipo.

Mbao zisipigwe msasa

Kitako na mbao za bunduki hubeba mihuri ya viwanda, ya wakaguzi na ya vikosi. Mtu anayepiga msasa ili mbao ing'ae hufuta historia hiyo, na hufuta pia sehemu ya pesa aliyolipa. Uchafu uondolewe kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni isiyo kali. Lee-Enfield hupakwa mafuta ya kitani yakasuguliwa kwa mkono, kidogo kidogo. Mosin nyingi zilipakwa vanishi laini inayobanduka. Ukitaka kuhifadhi thamani, iache kama ilivyo. Nyufa ndogo karibu na skrubu zionyeshwe kwa fundi, maana mbao ndiyo inayopokea teke la bunduki.

Kwenye uwanja na nyumbani

Uwanjani, vaa miwani na vizuia sauti vya masikio. Ukivuta kifyatulio risasi isilie, usifungue bolti. Shikilia bunduki ikielekea kwenye shabaha kwa angalau sekunde 30, kwa kuwa risasi ya zamani inaweza kuchelewa kulipuka. Baada ya kila mlio wa majaribio angalia ganda: likiwa na ufa, au fataki imetobolewa, acha kupiga siku hiyo.

Nyumbani, bunduki ikae kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, tupu, na risasi mahali pengine palipofungwa. Isitundikwe ukutani mahali watoto wanapoweza kuifikia, hata kama una hakika kwamba ni tupu. Isihifadhiwe ndani ya mfuko wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Vipakiti vya kukausha hewa viwekwe sandukuni na kubadilishwa, na kila baada ya miezi michache bunduki itolewe, ipanguswe na kupakwa mafuta.

Na Afrika Mashariki je?

Bunduki hizi si ngeni kwetu. Mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Tanganyika ya leo walikuwa bado na Mauser za mwaka 1871, zilizotumia baruti nyeusi. Moshi wake mweupe ulimwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha. Mwezi Aprili 1915 meli iliyobeba shehena ya bunduki mpya iliukwepa mzingiro wa Waingereza na kufika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, na askari hao wakaanza kubadilishiwa silaha. Upande wa pili, King's African Rifles walibeba Lee-Enfield, na katika Vita vya Pili wakaenda nazo hadi Burma. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, imeshika bunduki ya zama hizo.

Lakini biashara tuliyoieleza haipo huku. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama kuwa na mipango ya kukusanya, kuhifadhi kwa usalama na kuharibu silaha ndogo zilizozidi mahitaji ya serikali. Raia wa Kenya au Tanzania anayetaka bunduki ni lazima apate kibali cha mamlaka kwanza, na kibali huhusu silaha mahususi. Anayekuta bunduki ya zamani katika mali ya marehemu mzee, hata kama imeshika kutu na inaonekana haina maana, asiisafishe wala kuijaribu. Aiache pale ilipo, azuie watoto wasifike, na awaarifu polisi.

Kwa aliye katika nchi ambako ununuzi unaruhusiwa, mpangilio wa matumizi ya pesa ni huu: kwanza fundi wa kupima, pili sanduku lenye kufuli, tatu vifaa vya kusafishia, na risasi mwishoni. Muuzaji akikataa bunduki ipelekwe kwa fundi kabla ya malipo, iache na utafute nyingine.